Vumbi la tairi halirudi kuwa utomvu, tuelewane

Jamani, nimeisikia tena ile kauli, eti mpira unatoka kwenye mti, kwa hiyo vumbi la tairi, yaani chembe zinazosagika tairi likisuguana na barabara, likiingia ardhini linaoza tu na habari inaishia hapo. Haliozi hivyo! Ukishapikwa na salfa, minyororo ya molekuli za mpira inafungamana na vijidudu vya udongo vinapata kazi kubwa kuikata. Halafu tairi la gari dogo lina mpira mwingi tu wa kiwandani, uliotokana na mafuta.

Ila kinachoniudhi zaidi ni watu kuhesabu mpira peke yake. Weka chembe moja chini ya hadubini: nyeusi, imeviringika kama soseji, na mwilini imebandikwa vipande vya mawe na lami. Ndani kuna masizi, mafuta, oksidi ya zinki kama asilimia 1 hadi 2, na dawa za kuzuia mpira usipasuke, na hivi vyote vinavuja kidogo kidogo kila maji yakipita, tena chembe ikiwa ndogo ndo vinatoka haraka. Kwa hiyo hata ukiniambia mpira unaoza, nakujibu hapo ndo tatizo lenyewe, maana ukioza unaachia vilivyomo, na zinki ni metali, haiozi.

Chukua 6PPD, mojawapo ya hizo dawa, inawekwa ili ozoni, gesi iliyomo hewani, isile tairi. Ikikutana na ozoni inageuka 6PPD-kwinoni, na mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha ndiyo inayoua coho, aina ya samaki samoni, mitoni mvua ikinyesha. Maabara pia zimeona letusi ikiifyonza kwa mizizi.

Sasa niseme ukweli, majaribio mengi ya nyungunyungu na mimea yanatumia tairi lililosagwa maabara, jipya, kwa dozi kubwa kuliko ya shambani, so mimi siyabebi moja kwa moja hadi kwenye udongo halisi. Kupima nako ni shida, masizi yanameza mwanga wa infraredi unaotumika kutambua chembe, na chembe haisomeki vizuri.

Na tafadhali, usiniletee kipimo cha zinki peke yake useme ni tairi. Vyuma vya kingo za barabara vilivyopakwa zinki navyo vinaimwaga humo humo. Pima na mpira wenyewe, upashe sampuli moto mkali bila oksijeni, usome gesi zinazotoka, ndo tuanze kuongea.