EIN peke yake haikufanyi mwajiri halali Ohio

Mama mmoja alinijia ofisini hapa Columbus na mfuko wa nailoni uliojaa bahasha. Ana biashara ndogo ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na ameajiri watu watatu. Barua moja aliitunza ndani ya plastiki isikunjike, ile ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, yenye namba ya mwajiri, EIN. "Mwanangu, mimi nilishajisajili," akaniambia. Zile za jimbo la Ohio hakuwa amezifungua. Tukaanza kuzichana moja moja, na ya tatu ikatueleza yote: mfanyakazi aliyemwachisha alikuwa ameomba malipo ya kukosa kazi, jimbo likatafuta jina la mwajiri wake, halikuona kitu.

Kosa hili ninaliona sana kwa watu wetu, na halitokani na ujanja. Aliyeajiri Nairobi anajua kodi ya mshahara wa watu wake inakwenda KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na KRA ni ya nchi nzima. Marekani, serikali kuu na jimbo kila mmoja ana daftari lake. EIN ni ya daftari la serikali kuu. Kwa namba hiyo unapeleka fomu 941 kila robo mwaka: kodi ya mapato uliyomkata mfanyakazi, pamoja na Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65 kutoka kwake na 7.65 nyingine kutoka mfukoni mwako. Hata kusajili LLC, yaani kampuni inayotenga madeni yake na mali yako binafsi, kwa Katibu wa Jimbo hakukufungulii akaunti ya mishahara. Kule kunaandikwa jina la kampuni tu.

Kwa Ohio kuna milango mitatu ya kubisha, na mimi nashauri ubishe yote kabla hujaandika hundi ya kwanza ya mshahara.

Wa kwanza ni Idara ya Kodi ya Ohio, kwa ajili ya kodi ya mapato ya jimbo. Hii ni ya mfanyakazi, wewe unaikata na kuifikisha. Mpe fomu IT 4 aijaze siku anayoanza kazi, na usiridhike mpaka aandike wilaya ya shule anamoishi, kwa sababu baadhi ya wilaya zina kodi yake ya mapato na hiyo nayo inakatwa kwenye mshahara. Pesa hii ni amana. Ukiitumia kulipia kodi ya pango mwezi ulipobana, jimbo linaweza kukudai wewe binafsi, na ule ukuta wa LLC hautakukinga.

Wa pili ni bima ya ukosefu wa ajira, iliyo chini ya idara ya kazi ya jimbo, ODJFS. Kwa biashara za kawaida, wajibu unaanza ukilipa mishahara ya dola 1,500 ndani ya robo moja ya mwaka, au ukiwa na mfanyakazi hata mmoja katika majuma 20 ya mwaka. Mwaka 2025, mwajiri mpya asiye wa ujenzi alianzia asilimia 2.7 ya dola 9,000 za kwanza za kila mfanyakazi, yaani dola 243 kwa mwaka. Bima hii inalipwa na mwajiri peke yake. Nimeshika hati za mshahara ambazo mwajiri amemkata mfanyakazi pesa hiyo. Ni makosa, na inabidi arudishiwe. Tena ukichelewa hapa unaumia kwingine: serikali kuu nayo ina kodi yake ya ukosefu wa ajira, asilimia 6 ya dola 7,000 za kwanza. Ukilipa ya jimbo kwa wakati, na jimbo lenyewe likiwa halina deni la serikali kuu, unabaki na dola 42 kwa kila mtu. Usipolipa kabisa ya jimbo, inaweza kufika 420.

Mlango wa tatu ndio unaoninyima usingizi. Ni fidia ya wanaoumia kazini, iliyo chini ya ofisi ya jimbo iitwayo BWC. Mliofanya biashara Tanzania mnaijua WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Hii ni ndugu yake. Ohio ni moja ya majimbo manne ambako bima hii hainunuliwi kwa kampuni binafsi. Unaichukua kwa jimbo, isipokuwa kampuni kubwa zilizoruhusiwa kujibebea zenyewe, na unatakiwa kuwa nayo hata ukiwa na mfanyakazi mmoja. Mhudumu akiteguka mgongo akimwinua mzee kitandani nawe huna bima hiyo, jimbo linaweza kumtibu na kumlipa, halafu likudai gharama yote, dola kwa dola. Mwaka wake huanza Julai 1, na baada ya Juni 30 unapeleka hesabu ya mishahara uliyolipa kweli, hadi Agosti 15. Wengi husahau hiyo tarehe kwa sababu hailingani na kalenda ya kodi nyingine.

Jiji nalo lina kodi yake ya mapato. Columbus ni asilimia 2.5, na inakatwa kwa kufuata mahali kazi inapofanyika. Ukiwa na mtu anayeishi Kentucky, makubaliano ya majimbo yanamwondolea makato ya kodi ya Ohio, lakini ya jiji hayamwondolei.

Wapo wanaoniuliza: je, nikiwalipa wote kama wakandarasi, kwa 1099, fomu ya malipo ya mtu asiye mwajiriwa? Kama wewe ndiye unayempangia zamu, unamwelekeza namna ya kuifanya kazi na kumlipa kwa saa, huyo ni mfanyakazi wako, hata mkiandikiana karatasi inayosema vingine. Yule aliyeachishwa kazi na mama alikuwa amelipwa kwa 1099 hivyo hivyo.

Tulimaliza kusajili jioni. Akauliza kama mwezi atakaokosa wateja anaweza kunyamaza tu. Nikamwambia hapana mama, akaunti ikiwa wazi, ripoti inakwenda hata kama ni ya sifuri. Akatoa kalamu akaandika tarehe za robo zote nne nyuma ya bahasha: Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31, Januari 31. Bahasha hiyo akaiingiza kwenye plastiki, pamoja na barua ya EIN.