Dawa imethibitishwa, kazi ndiyo kwanza inaanza: mtafiti wa sera za afya ni nani?

Mkoa wa Tanga umezoea watafiti. Kule Amani, Muheza, mbu walichunguzwa tangu kabla ya Uhuru. Korogwe, sawa na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Mtafiti wa sera za afya, hata hivyo, hajulikani sana, pengine kwa sababu habebi sindano wala darubini. Swali lake ni hili: tiba ikishathibitika, itamfikaje mgonjwa?

Chukua dawa za malaria. Vimelea vilipoizoea klorokwini, mwaka 2001 Tanzania ilihamia SP (sulfadoxine na pyrimethamine). Haikupita miaka mingi SP nayo ikaanza kushindwa, na Muheza ni moja ya sehemu ambako jambo hilo lilionekana wazi. Mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ALu (artemether na lumefantrine). SP mtu mzima alimeza vidonge 3 kwa mkupuo, muuguzi akimtazama, akaenda zake. ALu ni vidonge 24 kwa siku 3, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Homa ikishuka siku ya pili, nani atamaliza dozi, na nani atawawekea watoto akiba? Tena dawa yenyewe ilikuwa ghali kuliko ile ya zamani. Nani alipe? Bohari ya Dawa iagize kiasi gani? Duka la dawa la kijijini liuze kwa bei gani? Hapo ndipo mtafiti wa sera anapoingia.

Wengi wanaoifanya vizuri kazi hii walianzia wodini: matabibu, wauguzi, wafamasia. Aliyewahi kujaza rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, mwisho wa zamu, wagonjwa wangali kwenye benchi, anajua kwamba safu tupu haina maana kwamba siku hiyo hakuna aliyeugua. Baadaye husoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, Muhimbili au kwingineko. Takwimu watu huzivumilia. Uchumi wa afya wengi huukwepa, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopungukiwa zaidi.

Kazi yenyewe ni rejesta, mahojiano na vikao visivyoisha. Ripoti ya kurasa mia mbili huishia kabatini. Mganga mkuu wa wilaya anahitaji kurasa mbili, tena kabla halmashauri haijafunga bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo matokeo mazuri yakija Agosti yatasubiri mwakani.

Mtafiti akibisha hodi kwako na dodoso, muombe kibali cha maadili ya utafiti na akueleze majibu yako yatatumikaje. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati, na huduma yako zahanati haitaguswa.