Mfalme mwenye mimba, na maneno mengine ya wasiosoma

Iringa tunasoma kwa kuazimana. Kitabu kinatoka Kihesa, kinaingia mjini, kinapanda basi hadi Mafinga, kikirudi jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Humo ndimo ninapoyasikia maneno kuhusu riwaya za kisayansi na za fantasia zenye wahusika wanaopenda watu wa jinsia yao, au wasio wanaume wala wanawake. Wanaosema sana ni wale ambao hawajafungua hata ukurasa mmoja.

“Si vile vitabu vya ngono?”

Hili huja la kwanza kila mara. Chukua The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka 1969 ikabeba tuzo mbili kubwa za fani hii, Hugo na Nebula. Sayari yenyewe ni baridi tupu. Wenyeji hawana jinsia ya kudumu: siku nyingi za mwezi mtu si mume si mke, kisha kwa siku chache mwili unaelemea upande mmoja, na hakuna ajuaye mapema utakuwa upi. Aliyewahi kuzaa anaweza kesho kuwa baba wa watoto wengine. Mfalme anapata mimba, na wazee wanaocheka wanacheka kwa sababu umri umemtupa mkono, si kwa sababu ni mfalme.

Halafu kuna ile safari. Mjumbe kutoka dunia nyingine na waziri mkuu aliyefukuzwa nchini mwake kwa madai ya usaliti wanavuta sledi, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, juu ya barafu wiki baada ya wiki, chakula kinapimwa, hema ni moja. Zile siku chache za mwili kuelemea upande mmoja zinamfikia waziri wakiwa humo hemani. Wanaongea, wanaelewana, hawagusani. Jamaa mmoja wa Makete niliyemwazima, mtu anayejua maana ya kuamka Julai na kukuta sakitu imelala juu ya viazi, alirudi na hoja ndefu kuhusu jiko lao na namna ya kulala na nguo mbichi. Jinsia hakuitaja mpaka nilipomuuliza. “Aa, hiyo nilishaizoea ukurasa wa hamsini.”

Vyenye ngono vipo pia, tusidanganyane. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James (2019) ina ngono, damu na ukatili wa kutosha, na anayekiazima kwangu namwambia kabla hajakibeba.

“Ni mambo mapya ya Wazungu.”

Mapya? Carmilla ya Sheridan Le Fanu, hadithi ya mnyonya damu wa kike anayempenda msichana, ni ya 1872, miaka 25 kabla ya Dracula. Na Wazungu peke yao? Octavia Butler, Mmarekani mweusi, aliandika Wild Seed mwaka 1980: Anyanwu ni mwanamke wa Kiigbo anayeugeuza mwili wake atakavyo, leo chui, kesho pomboo, na kuna kipindi anaishi kama mwanaume akiwa na mke. Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, ameijenga Freshwater (2018) juu ya ogbanje, roho za Kiigbo zinazokaa ndani ya mtoto. Aliyekulia Mbeya akisimuliwa habari za maajabu ya Ziwa Ngosi hashtuki mtu akigeuka chui. Hata safari za angani si ngeni katika Kiswahili. Mkenya Katama Mkangi alishampandisha mhusika wake Dzombo chomboni katika riwaya ya Walenisi, 1995.

“Anayesoma naye yumo.”

Wengine wamo, wengine hawamo, na si kazi ya mwenye kitabu kuuliza. Msomaji wa riwaya za upelelezi hatumuulizi kaua nani. Ila huku kwetu swali hilo linaweza kumpotezea mtu chumba cha kupanga au kazi, kwa hiyo katika daftari langu la kuazimisha hakuna majina ya vitabu hivi, na majalada nayavika gazeti kama madaftari ya shule.

“Kusoma tu ni kosa la jinai.”

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana “kinyume cha maumbile”, kinahusu tendo, si kusoma riwaya. Maandishi ya ponografia yana sheria yake. Shuleni ni habari nyingine: Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni na kwenye maktaba zake kwa hoja ya maadili. Mimi siazimishi wanafunzi, basi.

“Mwishoni lazima wafe.”

Hapa wana hoja nusu, kwa kuwa vitabu vingi vya zamani viliwaua, na hicho cha Le Guin nacho kina kifo kinachouma. Lakini The Long Way to a Small, Angry Planet ya Becky Chambers (2014) ni wafanyakazi wa chombo cha angani, chai, mabishano ya jikoni, na mapenzi ya Rosemary na Sissix, mwenzake wa kike kutoka sayari nyingine, yanayokwenda taratibu bila msiba.

“Kupendekeza ni kutoa orodha.”

Orodha inampendeza anayeitoa. Mimi nauliza kitabu gani ulimaliza mwisho, na kipi ulikitupa katikati. Anayetaka siasa za ikulu simpi kile cha chai za angani. Kisha nasema mhusika ni nani, sentensi moja, sifichi wala sikifanyi ndiyo tangazo.

Anayelalamikia Kiingereza kigumu nampa Pet ya Emezi (2019), kifupi. Kiumbe kinatoka ndani ya mchoro wa mama yake Jam kuja kuwinda zimwi katika mji ambao watu wazima wanaapa hauna mazimwi tena. Kwamba Jam, msichana, alipozaliwa walimdhania mvulana, linaelezwa upesi na hadithi inaendelea. Onyo ninalotoa ni jingine: zimwi lenyewe ni mtu mzima anayemuumiza mtoto ndani ya nyumba yenye heshima zake, na hapo ndipo wasomaji wangu wengi wamelazimika kukifunga kwa muda.