Mimba ya IVF na mtoto njiti: soma hapa kabla ya kudai viinitete viwili

Kila Novemba 17 inapokaribia, Siku ya Watoto Njiti Duniani, maswali yanayoletwa kwenye dawati letu la afya ya uzazi huongezeka. Safari hii limejirudia moja kuliko mengine, kuhusu IVF, yaani yai na mbegu ya kiume kuunganishwa maabara, kisha kiinitete (mimba changa kabisa) kurudishwa kwenye mfuko wa uzazi: "Nimepata mimba kwa IVF, ina maana nitajifungua njiti?" Wengine huuliza kwa niaba ya binti yao au mke wao. Wapo pia wanaofika na jibu tayari, wameambiwa mtaani kwamba mtoto wa maabara haivi tumboni. Si kweli, na tunaomba lisisemwe tena mbele ya mama mjamzito.

Jibu la kitaalamu ni hili. IVF huongeza kiasi uwezekano wa kujifungua kabla ya wiki 37, yaani kuzaa njiti. Kwa mama aliyebeba mtoto mmoja ongezeko hilo si la kutisha, na walio wengi hujifungua mtoto aliyetimiza miezi yake. Kinachopandisha hatari kwelikweli ni mapacha. Na katika IVF, mapacha kwa sehemu kubwa hutokana na uamuzi unaofanywa siku ya kurudisha viinitete kwenye mfuko wa uzazi, kati ya mgonjwa na daktari wake. Uamuzi huo upo mikononi mwenu.

Tuchukue kwanza mtoto mmoja. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja zinaonesha kuwa mimba ya IVF ya mtoto mmoja ina hatari ya kuzaa njiti iliyo juu kwa takriban asilimia 50 kuliko mimba ya kawaida. Asilimia 50 ikitajwa, watu husikia "nusu ya wanawake". Sivyo. Tuseme kati ya wanawake 100 waliopata mimba kwa njia ya kawaida, 8 wangejifungua mapema. Kwa IVF wangekuwa kama 12. Wale 88 waliobaki wangefikisha wiki zao.

Je, hao wanne wa ziada wanatokana na maabara? Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Norwei uliowaangalia wanawake waliozaa kwa njia zote mbili, mtoto mmoja kwa kawaida na mwingine kwa kusaidiwa. Walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, tofauti ya umri wa mimba na uzito wa kuzaliwa ilikuwa ndogo mno. Maana yake sehemu kubwa ya hatari anayo mama kabla hajaingia kliniki: umri uliosogea, uvimbe wa fibroidi, endometriosisi (tishu kama za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake), mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani, homoni zisizo sawa. Utafiti wa Denmark uliofuata ulikuta tofauti kidogo zaidi kati ya ndugu, kwa hiyo hatusemi tiba yenyewe haina mchango wowote. Katika mimba za IVF kondo la nyuma hukaa chini, karibu na mlango wa kizazi, mara nyingi zaidi kuliko kwenye mimba nyingine. Anayetumia yai la mwanamke mwingine ana hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu la ujauzito, na shinikizo likipanda sana daktari hulazimika kumtoa mtoto kabla ya wakati ili kuokoa maisha mawili. Viinitete vilivyogandishwa vina habari ya pande mbili: watoto wake huzaliwa na uzito mzuri zaidi na unjiti hupungua kidogo, lakini shinikizo la damu kwa mama huongezeka.

Sasa mapacha. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, iwe mimba imetungwa chumbani au maabara. Watatu kwa pamoja karibu wote huwahi. Tunajua kwa nini watu wanadai viwili. Mzunguko mmoja wa IVF unakula mamilioni ya shilingi, mara nyingi yametoka kwenye mkopo, kiwanja kilichouzwa au mchango wa ukoo, na mtu anasema: "Daktari, weka viwili, akikosa huyu atashika yule, wakishika wote nimemaliza uzazi." Hesabu hiyo inaeleweka, ila imeacha nje wiki ambazo watoto wa kilo moja na nusu watakaa kwenye wodi ya njiti, kwenye oksijeni na mrija wa kulishia, gharama zake, na wale wasiotoka.

Sweden walilipima jambo hili kwa wanawake walio chini ya miaka 36, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Kundi moja lilirudishiwa viinitete viwili kwa mpigo. La pili lilirudishiwa kimoja, na kisiposhika, likarudishiwa kingine kilichokuwa kimegandishwa. Waliopata mtoto hai walikuwa karibu 43 kwa kila 100 katika kundi la kwanza na karibu 39 katika la pili. Tofauti ipo, ni ndogo. Lakini uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja ulikuwa asilimia 33 kundi la kwanza, na chini ya asilimia 1 kundi la pili. Nchi hiyo ilikuwa imeshaweka kanuni ya kurudisha kimoja kama kawaida tangu 2003. Ubelgiji mwaka huohuo ilikubali kulipia mizunguko hadi sita kwa sharti la kupunguza idadi ya viinitete. Uingereza, mamlaka inayosimamia tiba hii, HFEA, iliwabana watoa huduma mpaka uzazi wa mapacha wa IVF, uliokuwa zaidi ya mmoja kati ya wanne miaka ya 1990, ukashuka hadi asilimia 6 mwaka 2019.

Kwa hiyo mwulizeni daktari maswali matatu kabla ya siku ya kurudisha: viinitete vyangu vina ubora gani, mnaweza kugandisha kilichobaki, na kwa umri wangu kimoja kinatosha? Mwanamke wa miaka 41 ambaye ameshajaribu na kukosa anaweza kupewa ushauri tofauti, na ni sawa. Kisichokuwa sawa ni kituo kurudisha vitatu kwa mwanamke wa miaka 29 ili takwimu zake za mafanikio zipendeze. Fahamuni pia kwamba hata kimoja huweza kugawanyika na kuwa mapacha wanaofanana. Hutokea mara chache sana.

Linalotusumbua karibu kila wiki ni umri wa mimba. Mama anafika kliniki na tarehe aliyorudishiwa kiinitete, akahesabu kuanzia hapo kama siku ya kwanza, au akaongeza miezi tisa. Siyo hivyo. Mfano: kiinitete cha siku ya 5, yaani kilichokaa maabara siku tano tangu yai lirutubishwe, kimerudishwa Machi 10. Siku hiyo mimba huhesabiwa ina wiki 2 na siku 5, kwa kuwa wiki mbili za kabla ya yai kurutubishwa nazo huhesabiwa. Tarehe ya matazamio, yaani siku inayotarajiwa ya kujifungua, ni siku 261 baadaye, yaani Novemba 26. Wiki 34 zinatimia Oktoba 15, wiki 37 zinatimia Novemba 5. Kama kilikuwa cha siku ya 3, ongeza siku 263. Anayehesabu miezi tisa kutoka Machi 10 ataandika Desemba 10, wiki mbili nzima za makosa, na wiki mbili ndizo zinazoamua kama mama mwenye uchungu wa mapema atapewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hutolewa kati ya wiki 24 na 34 pale ambapo uzazi wa mapema unaonekana kukaribia na hospitali ina uwezo wa kumhudumia mtoto njiti. Ombeni kituo cha IVF kiandike kwenye barua tarehe ya kurudisha, kiinitete kilikuwa cha siku ya ngapi, na vilirudishwa vingapi. Barua hiyo ikae ndani ya kadi ya kliniki. Kuwaficha wauguzi kwamba mimba ni ya IVF kwa kuogopa maneno ya watu hakumsaidii mtu yeyote. Taarifa za mgonjwa ni siri na mhudumu anayezitoa nje anavunja maadili ya taaluma yake.

Jambo jingine ni familia zinazodai upasuaji wiki ya 36 kwa sababu "huyu ni mtoto wa thamani". Kila mtoto ni wa thamani. Kama shinikizo liko sawa, kondo limekaa vizuri na mtoto anakua, kumtoa wiki ya 36 ni kumfanya njiti kwa mikono yetu, mapafu bado yanahitaji siku zile. IVF peke yake si sababu ya upasuaji. Vilevile IVF si sababu ya kulala kitandani miezi yote. Kulala hakujathibitika kuzuia uzazi wa mapema, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Endeleeni na shughuli za kawaida, isipokuwa daktari amesema vinginevyo kwa sababu anayoweza kuwaeleza.

Vinavyosaidia ni hivi: kuanza kliniki mapema, kupimwa shinikizo na mkojo kila hudhurio, na ultrasaundi ya katikati ya mimba inayoangalia kondo na urefu wa mlango wa kizazi. Mlango ukiwa mfupi, hasa milimita 25 kushuka chini, dawa ya projesteroni ya kuweka ukeni hupunguza hatari kwa mimba ya mtoto mmoja. Wenye dalili za hatari ya shinikizo huandikiwa aspirini ya dozi ndogo, msijinunulie dukani. Maji yakivuja, damu ikitoka, tumbo likikaza na kuachia kwa vipindi, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kukuche.

Kwa mama aliyeajiriwa Tanzania, kuna taratibu ambazo tunalazimika kuzieleza kila mara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka ampe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matazamio, ikiambatana na cheti cha daktari. Mwenye mapacha asingoje mwezi wa sita wa ujauzito, apeleke mapema zaidi. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, au kabla ya hapo daktari akithibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo. Ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea aliyejifungua njiti muda unaotokana na wiki za ujauzito zilizokuwa zimebaki, ndiyo maana umri wa mimba ulioandikwa kwenye fomu ya kutoka hospitali lazima uwe sahihi. Hakikisha umeandikwa kwa wiki na siku, una sahihi ya daktari na mhuri, kabla hujatoka wodini. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, mama ana haki ya siku 84 nyingine.

Kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito si halali, uwe umepatikana kwa njia yoyote ile. Aliyefanyiwa hivyo afungue shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kikazi ina siku 60. Aende na mkataba, barua ya kuachishwa, nakala ya taarifa ya likizo yenye mhuri wa mwajiri wa kupokea, na cheti cha daktari. Wengi hutujia siku ya 40 wakiwa na mtoto mgongoni. Siku 30 zikishapita, utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa. Hapo taarifa za wodi ya njiti zenye tarehe za kulazwa na kuruhusiwa ndizo ushahidi wako, kwa hiyo zitunze.