Maua ya makopo: yanayosemwa Mwanza, na ukweli wake

"Jani likiwa njano, mmea una njaa. Ongeza mbolea." Naamini ushauri huu umeua maua mengi kwenye vibaraza vyetu kuliko ukame wa Julai.

Ukweli ni kwamba njano ina sababu nyingi, na kwenye kopo mojawapo ni mbolea kuzidi. Shambani mvua huishusha mbolea chini. Kwenye kopo tunamwagia kikombe kimoja kimoja, maji yanakauka, chumvi ya mbolea inabaki. Ikishazidi, udongo unaweza kuwa umelowa na mzizi bado ukashindwa kuvuta maji. Ncha za majani zinaungua, na mwenye mmea anaongeza kijiko kingine.

Waridi langu la kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 lilifika hapo. Ukingoni kulikuwa na ukoko mweupe kama magadi. Niliukwangua kwa kucha ukatoka vipandevipande. Sikuongeza kitu. Nilitoboa matundu matano chini ya ndoo, nikapitisha lita 20 za maji polepole mchana kutwa, hadi yakatiririka uani. Wiki chache baadaye machipukizi yalikuwa ya kijani. Siku hizi naweka kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwenye lita 10 za maji, kila baada ya wiki mbili, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Na kila ninapomwagilia, namwaga mpaka maji yatokee chini.

"Maji ya bomba yana dawa, yanaua maua." Hapana. Klorini inayofaa kwa maji ya kunywa ni kidogo, na udongo unaimaliza haraka. Ukiwa na wasiwasi, acha ndoo wazi usiku kucha. Maji ya ziwa tunayoletewa na bomba yana chumvi kidogo. Wa kuangalia zaidi ni anayechota kisima kirefu, kwa sababu maji yaliyokaa muda mrefu kwenye miamba huyeyusha madini yake. Huyo akinge mvua za vuli, achanganye.

"Maji ya ziwa yakiwa ya kijani, ni mbolea tosha." Hapa naomba tusikilizane. Kijiko kile cha NPK kinatoa takriban miligramu 85 za naitrojeni kwa lita. Maji ya ziwa kwa kawaida yana chache tu. Na ule ukijani mara nyingi ni vijidudu vya jamii ya bakteria, ambavyo baadhi hutoa sumu. Usimwagilie navyo mchicha au kotimiri ya kwenye kopo. Ukitaka faida ya ziwa, chukua gugumaji, likatekate, lioze vizuri pamoja na samadi, ndipo ulichanganye na udongo.

Maji ya kuoshea dagaa? Kama yana chumvi, yamwage mbali na mimea.