“Lakini si anasoma midomo?” na mengine niliyochoka kuyasikia

Ofisi ikiajiri kijana kiziwi kwa mara ya kwanza, mara nyingi mimi ndiye mkalimani wa lugha ya alama anayepigiwa simu. Na kabla sijauliza kikao kinaanza saa ngapi, naambiwa: “Pengine hatutakuhitaji sana, maana anasoma midomo.” Husemwa kwa furaha, kama vile tatizo limejimaliza lenyewe. Ningekuwa na uwezo wa kuifuta imani moja tu vichwani mwa mameneja, ningeifuta hiyo.

Simama mbele ya kioo useme bila kutoa sauti: baba. Halafu mama. Halafu papa. Midomo imefanya kitu kilekile mara zote tatu. Kinachozitenganisha b, p na m kiko kooni na puani, ambako jicho halifiki. Sasa hamishia jambo hilo kazini. “Wateja wanauliza kuhusu bei” na “wateja wanauliza kuhusu Mei” ni sentensi moja kwa mtu anayetazama midomo. Bima na pima ni hivyo hivyo. Pato na bado pia, kwa sababu t na d nazo zinafanana. Sauti kama k na g hutengenezwa nyuma ya kinywa, kwa hiyo huonekana kidogo sana. Kwa Kiingereza, makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba asilimia 30 hadi 40 tu ya sauti ndizo zinazoonekana mdomoni. Zilizobaki, kiziwi anazijaza kwa kukisia kutokana na mada, uso wa msemaji na yale aliyokwisha kuyajua.

Na hapo bado tunazungumzia hali nzuri: mtu mmoja, karibu, mwanga ukimulika uso wake, anayeongea lugha ambayo kijana anaijua vizuri. Kikao cha kawaida hakiko hivyo. Mwenyekiti amekaa mgongo dirishani, uso wake kivuli kitupu. Mhasibu ana masharubu mazito. Mwingine anaongea huku ameelekea ubaoni, na watatu wanachekea utani uliokwisha kupita kabla kijana hajajua nani aliuanzisha. Kukisia namna hiyo kutwa nzima kunachosha akili vibaya mno. Ndiyo maana kijana aliyekuwa hodari asubuhi huonekana mzembe alasiri, na tathmini ya utendaji inaandika “hana umakini”.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kosa hili hujificha vizuri. Msimamizi anauliza, “Umeelewa?” Kijana anaitikia kwa kichwa. Kazi inaharibika, na msimamizi ananiambia, “Lakini nilimuuliza!” Kweli ulimuuliza, ila swali hilo lina jibu moja tu linalomwepusha mgeni kazini na aibu. Viziwi wengi wamefunzwa kuitikia tangu utotoni. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui lugha ya alama. Mtoto anauliza mezani wanacheka nini, anajibiwa “nitakwambia baadaye”, na hiyo baadaye haifiki. Akiingia ofisini, tabia ya kutabasamu na kuitikia anayo tayari.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi jambo moja, na nitaendelea kuliomba hadi nistaafu: lifuteni swali la “umeelewa?” Ulizeni “utaanza na lipi?” au “tarehe ya mwisho ni ipi?” Jibu litakuonyesha papo hapo kama mmeelewana. Tarehe, majina na tarakimu ziandikwe, hata kama ni kwenye kipande cha karatasi. Ajenda itumwe kabla ya kikao, maana anayejua mada anakisia kwa usahihi zaidi.

Nawe kijana, acha kuitikia. Najua inavyouma kumwambia bosi arudie kwa mara ya tatu. Basi usimwombe arudie, mwambie ulichokipata na unachokikosa: “Nimeona ripoti ni ya Ijumaa, sikupata ya idara gani.” Hapo anajaza pengo moja badala ya kuanza upya kwa sauti ya kukasirika. Halafu siku ya kwanza usiseme tu kwamba wewe ni kiziwi, kwa sababu wengi hawajui wafanye nini na habari hiyo. Sema unachotaka: nitazame unapoongea, nipungie mkono kabla ya kuanza, namba niandikie.

Imani hii ya kusoma midomo ina mizizi mirefu. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, ambao wajumbe wake karibu wote walikuwa watu wanaosikia, ulipitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kuongea na kusoma midomo, lugha ya alama iwekwe kando. Shule nyingi zikafuata kwa miongo mingi. Mwaka 2010, mkutano wa mfululizo huohuo, safari hii Vancouver, uliyakataa rasmi maazimio hayo. Miaka 130! Meneja wa leo anarudia maneno ya Milan bila hata kujua aliyatoa wapi.

Mengine nitayapitia haraka.

“Ana kifaa sikioni, kwa hiyo anasikia.” Kifaa cha usikivu si miwani. Kinakuza sauti, pamoja na kelele za feni, viti na watu wa meza ya pili, na hakiwezi kusafisha sauti ambayo sikio la ndani linaipokea ikiwa imevurugika. Hata kile kinachopandikizwa kwa upasuaji hakimrudishii mtu usikivu wa kawaida. Na kupayuka hakusaidii: kunapotosha sauti, na midomo nayo inapotoka.

“Lugha ya alama ni moja dunia nzima.” Shirikisho la Dunia la Viziwi linasema zipo zaidi ya 300. Marekani na Uingereza zinatumia Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa alama zao. Alama za Marekani zina undugu zaidi na za Ufaransa, kwa kuwa Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1817. Ukiagiza mkalimani, taja lugha.

“Mkalimani ni wa kiziwi.” Mimi ni wa kikao. Ninyi hamjui alama, kwa hiyo mnanihitaji kama anavyonihitaji yeye. Mtazame yeye, si mimi, na usiniambie “mwambie hivi”. Kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wa kupokezana kila baada ya dakika 20 hivi; akili ikichoka, tafsiri huanza kupungua bila mtu kuona. Tena mwenyekiti asubiri kidogo baada ya kuuliza swali, kwa kuwa tafsiri huchelewa sekunde chache, na katika sekunde hizo wenye sauti huwa wamekwisha kujibu. Kisha mnasema kijana hachangii.

“Tunamfanyia hisani.” Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 27, unataka mazingira ya kazi yarekebishwe kwa kiasi kinachowezekana, na ibara ya 2 inahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ubaguzi. Hisani ni ile keki ya siku ya kuzaliwa.

“Kwenye mashine ni hatari.” King’ora kiunganishwe na taa inayowaka na kuzimika, jambo linalowasaidia pia wote waliovaa vizibo vya masikio. Katika karakana yenye kelele, wanaozungumza bila taabu ni wale wanaojua alama.

“Kazi hii ni ya simu.” Simu ya maandishi ilianza na kiziwi: Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani, ndiye aliyebuni mwaka 1964 kifaa cha kupitisha maandishi kwenye laini ya kawaida ya simu. Bado matangazo ya kazi yanaandika “awe na uwezo wa kupokea simu” kwa mazoea tu. Mara ya mwisho nilipouliza simu zenyewe ni ngapi kwa siku, ofisa alifikiri sana, akamgeukia mwenzake, na ikaonekana wateja wote siku hizi wanatuma ujumbe.