Eti Afrika Magharibi haina wanyama? Hapana jamani

Huku kwetu watu wanaamini kabisa kwamba wanyama ni Serengeti na Maasai Mara tu, Afrika Magharibi ni wali wa jollof na muziki basi. Sio kweli, chukueni Ghana tu. Kaskazini kuna Mole, kilomita za mraba kama 4,840, hifadhi ya taifa tangu 1971, unakaa hotelini juu ya mteremko unaangalia tembo wanaoga bwawani kule chini, na asubuhi unatoka kwa miguu na askari mwenye bunduki, mnafuata nyayo, wala hamhitaji gari.

Nadhani kinachowachanganya watu ni msitu. Sisi tumezoea mbuga wazi, mnyama unamuona toka mbali, sasa ukienda Kakum, hifadhi ya msitu karibu na mji wa Cape Coast, tembo wa msituni wapo lakini kuwaona ni ngumu sana kwa sababu miti imefunga, kwa hiyo mtu anarudi anasema hakuna kitu. Pale inabidi uangalie juu, ndo maana mwaka 1995 wakafungua yale madaraja ya kamba, 7, jumla mita kama 350, unapita usawa wa vilele vya miti na ndege na vipepeo.

Halafu kuna picathartes, ndege kichwa cha njano hakina manyoya, anajenga kiota cha udongo kwenye miamba. Ghana walidhani ameshapotea, akaonekana tena 2003. Serengeti humpati huyo.